Maji Yakigusa Ardhi Si Yetu

Jengo letu lina ghorofa mbili na wakuu wawili, na wote wawili wanakula kwa jasho la maji. Juu ni Ofisi ya Hali ya Hewa, wanaosema mvua itanyesha wapi. Chini ni Ofisi ya Maji, wanaosema mto umejaa kiasi gani. Maji yakiwa bado hewani ni ya juu. Yakigusa ardhi ni ya chini. Tone la mvua likibakiza kiganja kimoja kufika chini bado ni letu. Likitua tu, tunanawa mikono, tena tunanawa kwa maji yao, maana bomba la juu halijatoa kitu tangu nianze kazi.

Wakuu hawa hawasemezani. Chanzo ni kipimamvua. Kilikuwa kimesimama uani, mahali peupe, kama kinavyotakiwa kisimame. Siku moja Mkuu wa Chini akakihamishia nyuma, jirani na choo, ili apate pa kuegesha gari. Mkuu wa Juu akaandika barua makao makuu. Mkuu wa Chini naye akaandika yake. Tangu hapo salamu zao ni za karatasi, na mwenye kupanda na kushuka na karatasi ni mimi. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Naona wahenga hawakuwahi kupata fahali wanaogombania maegesho.

Kazi yangu hasa ni ujumbe. Kila asubuhi Mkuu wa Juu huandika utabiri wa eneo letu katika vipande viwili: miinuko, yaani vile vijiji vya vilimani, na tambarare, yaani sisi tuliobaki. Mimi naukatakata mpaka utoshe kwenye simu, naingia kwenye mashine, nabonyeza. Watu wa miinuko wanapata wa miinuko, wa tambarare wanapata wa tambarare. Kazi hii niliipata kwa kuwa naandika kwa kifupi, jambo lililomshangaza kila anayenijua, kwa sababu kwa mdomo sina breki. Nyumbani wananiita Kipaza.

Aliyenipa jina hilo ni mama mdogo, mdogo wake mama, na ndiye mwenye kisa hiki. Ana tanuri la matofali kando ya mto, huko bondeni ambako udongo ni mzuri na kila kitu kingine ni kibaya. Kiangazi kizima yeye na watu wake hukanyaga udongo, hufyatua matofali, huyaanika, kisha huyapanga yakawa kama nyumba isiyo na mlango, yenye midomo chini ya kuingizia kuni. Ndipo anawasha. Na tanuri si jiko la mkaa, useme umeghairi chai. Ukiliwasha umeliwasha. Linalishwa kuni mchana na usiku mpaka wekundu upande hadi juu kabisa. Ukiliacha njiani, matofali ya ndani hayawi udongo wala hayawi matofali, ni kama mtoto aliyetolewa shule kati. Maji yakiingia likiwa la moto, linapasuka, na kiangazi kizima kinakwenda na mvuke. Pembeni yake wanakaa wafyatuaji na watoto wao, kwenye vibanda vya mabati, familia nne. Tanuri likienda, nao wamekwenda.

Kwa hiyo Jumapili alikuja nyumbani, akakaa, akaniuliza swali moja tu: awashe au asiwashe. Nikamwambia tambarare ni kavu wiki nzima. Nilikuwa nimeona ramani kwa macho yangu. Na wala sikumdanganya, hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Jumatatu akawasha.

Jumatano asubuhi karatasi ya Mkuu wa Juu ilisema hivi. Miinuko: mvua kubwa tangu usiku, kuendelea hadi kesho, hatari ya mafuriko, wananchi wachukue tahadhari. Tambarare: hali kavu, jua, upepo mwanana. Nikaandika, nikatuma. Sijamaliza kukoroga chai, simu ya mezani ikalia.

Ilikuwa sauti ya mzee, na nyuma yake mbuzi wakilalamika kama abiria. Alitaka kujua kwa upole kama ni yeye kweli aliyeambiwa ajihadhari na mafuriko. Nikamwambia kama yuko miinukoni, ndiye. Akasema nyumba yake iko juu kabisa ya kilima, jirani yake wa karibu ni wingu, na tangu azaliwe hajaona maji yanayojua kupanda.

"Maji yote yameshapita hapa kwangu, mjukuu wangu," akasema. "Yameteremka mengi, yamechukua na daraja letu la miti. Yanakuja huko kwenu. Sasa hiyo tahadhari niichukue mimi, halafu niwaletee?"

Nikacheka. Mimi mtu akinichekesha siwezi kujizuia, hata msibani. Halafu kicheko kikakatika, kwa sababu niliigeuza ile karatasi nikaisoma tena kwa macho ya mzee wa mbuzi. Tulikuwa tumewaonya watu wa mlimani kuhusu maji yasiyowahusu, na watu wa bondeni, ambao maji hayo hayana pengine pa kwenda ila kwao, tukawaambia jua na upepo mwanana. Mvua ilikuwa ya kule. Mafuriko yalikuwa ya huku. Na mimi ndiye niliyebonyeza.

Nikaingia kwa Mkuu wa Juu. Si mtu mbaya, naomba hilo lieleweke. Anasalimia, hana makelele, anapiga pasi hata soksi. Ugonjwa wake ni neno moja: kitaalamu. Akanieleza kwamba kitaalamu sisi tunatabiri mvua, na kitaalamu tambarare hakuna mvua. Nikamwambia maji yanateremka. Akasema kitaalamu kuteremka si hali ya hewa. Tena kila mwisho wa mwezi utabiri wetu unalinganishwa na kipimamvua. Tukitangaza hatari tambarare na chombo kikasoma sifuri, tumekosea, na ofisi yetu haijawahi kukosea mwaka huu. Akanionyesha cheti ukutani, kana kwamba sijawahi kukipangusa vumbi.

"Mafuriko ya tambarare ni maji ya mto," akamaliza. "Na mto uko chini." Akaelekeza kidole sakafuni, utadhani mto unapita chini ya meza yake.

Nikashuka. Mkuu wa Chini nilimkuta mbele ya ramani yake kubwa, ile yenye mto uliochorwa kwa buluu nzuri isiyofanana na mto wowote. Huyu ugonjwa wake ni utaratibu. Akanieleza kwamba darajani kuna nguzo iliyopakwa rangi: kijani, njano, nyekundu. Mto ukigusa nyekundu, mwangalizi wa daraja anapiga simu, na yeye anaandaa tangazo. Asubuhi hiyo ilikuwa kijani. Nikamwuliza daraja liko wapi ukilinganisha na matanuri. Akafuata mto kwa kalamu kwa fahari: haya hapa matanuri, mto unashuka, unashuka, na hapa ndipo daraja.

Nikamwambia basi maji yakifika kwenye nyekundu yako, matanuri yameshakunywa zamani. Akatazama ramani. Akaitazama vizuri, nadhani kwa mara ya kwanza tangu aitundike. Halafu akasema utaratibu ndio huo, na habari za mvua ya milimani yeye hana, hazijamfikia.

"Si ndio ninakuletea, Mkuu."

"Wewe si rasmi," akasema.

Nikamwomba basi anipe karatasi niipandishe juu, iseme maji yanakuja, ili tutume. Akasema hawezi kuandika mto umejaa wakati nguzo ni kijani, na hata angeandika, mashine ya ujumbe ni ya juu, na yeye kwa wa juu haombi kitu. Akarudia hilo la mwisho taratibu, nikaelewa kwamba tumeshahama kwenye mto, tuko kwenye maegesho.

Sijui kama umewahi kusimama katikati ya watu wawili wenye akili timamu, wamesoma, wana watoto, na kila mmoja ana haki katika kipande chake, na ukiunganisha vipande vyao unapata wendawazimu. Nilitamani niwakamate wote wawili nikawasimamishe bondeni wabishane huko, yupi amiliki maji yanayomfika kifuani.

Nikampigia mama mdogo. Nikamwambia maji yanakuja, azibe tanuri, awatoe watu vibandani. Nikasikia kuni zinalia motoni. Akaniuliza nimelewa asubuhi au ni mzaha wangu, maana jua lilikuwa linamchoma utosi.

"Ujumbe wenu wa asubuhi umesema kavu," akasema.

"Mama mdogo, ule nimeuandika mimi."

"Basi ulipouandika ulikuwa na akili zako. Sasa zimekwenda wapi?"

Nikamweleza habari ya milima. Akasema yeye hawezi kuliua tanuri la watu wote wale kwa maneno ya Kipaza. Kama ni kweli, ofisi itume, ataona kwenye simu kama wengine, na wale wafyatuaji wataona, na hakuna atakayesema amechanganyikiwa. Akakata.

Fikiria hilo. Nimelelewa na mkono wa mwanamke yule, kaniogesha, kanichapa, ananijua mpaka unyayo. Hakuniamini mimi. Aliamini kile kinachotoka kwenye vidole vyangu vikishabonyeza mashine ya serikali. Na sikumlaumu. Mtu mwenye mali ya kupotea hawezi kwenda kwa tetesi.

Basi nikaketi, nikaingia kwenye mashine, nikachagua tambarare yote. Nikaandika: "Tambarare: mvua hainyeshi kwenu lakini MAJI YANAKUJA kutoka miinukoni. Ondoeni watu na mali bondeni sasa hivi. Msingoje mawingu." Nikaisoma mara moja. Nikabonyeza.

Chumba cha pili simu ikalia ting. Nilikuwa nimesahau kwamba Mkuu wa Juu naye anakaa tambarare.

Alitokea mlangoni ameishika mbali na uso kama anavyoshika karatasi zangu zenye makosa. Hakupaza sauti. Aliniuliza ni nani ameidhinisha. Nikasema mzee wa mbuzi. Sikukusudia mzaha, lakini ndilo jibu la kweli nililokuwa nalo. Akaniambia nitoke, nirudi kesho asubuhi kwenye kikao, na nimwachie ufunguo wa chumba. Nikauweka mezani. Nikashuka mbio, nikapanda pikipiki ya kwanza iliyosimama.

Nilipofika bondeni nilimkuta mama mdogo amefunga kiuno, anagawa kazi kama anayegawa wali, hapana mjadala. Aliponiona akaniambia ofisini kwetu leo kuna mtu ameamka, je, nimeuona ujumbe? Nikamwambia mtu huyo ni mimi.

"Na yule aliyenipigia simu akinichanganya alikuwa nani?" akasema, akanitupia jembe.

Mkuu wa moto pale ni mzee wanayemwita Jivu, aliyeunguza nyusi zake zamani na hazikurudi, kwa hiyo muda wote ana uso wa mtu aliyeshangaa. Alisema tanuri lilihitaji siku moja zaidi. Tofali za chini zimeiva, za katikati zinaiva, za juu bado. Ukiziba midomo sasa, za juu zitabaki mbichi. Usipoziba, maji yataingia kwenye moto, na hapo hutahesabu za juu wala za chini. Mama mdogo alilizunguka tanuri lake mara moja, mkono umeegemea ukutani pale panapovumilika joto. Halafu akasema ziba.

Tukaziba kwa udongo, midomo yote. Tukachukua matofali mabichi yaliyoanikwa, ya tanuri la pili, kazi ya wiki nyingi, tukayapanga yawe ukuta wa kuzunguka, tukayapaka tope. Tulijua yatalowa na kuyeyuka, lakini yakinunua muda yametosha. Watoto na magodoro na masufuria vikapandishwa kwenye tuta la barabara. Jua lilikuwa kali kiasi kwamba mwenye tanuri la jirani alisimama akitusanifu, simu mkononi, akitazama angani kisha simu, angani kisha simu. Akatuuliza kama hayo maji yetu yanakuja kwa basi.

Yalikuja bila kelele. Nilidhani mafuriko yananguruma. Yale yaliingia kama mgeni anayejua nyumba, yakapitia kwenye mifereji kwanza, rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi na mbao na mlango mzima wa banda la kuku. Hakukuwa na tone moja angani. Shingo zetu zilikuwa zinaungua na miguu yetu imelowa. Matofali mabichi ya jirani yaliyeyuka mbele ya macho yake kama sukari, na yeye mwenyewe tulimvuta kwa kamba hadi barabarani, simu bado mkononi.

Ukuta wetu ulisimama, ukavimba, ukaanza kulia machozi ya tope. Upande wa mtoni ukaachia. Maji yakafika kwenye tanuri, na tanuri likatoa sauti kama sufuria ya mafuta iliyoingiwa na maji, kubwa mno, mpaka watoto barabarani wakanyamaza wote kwa pamoja. Mvuke ukapanda mweupe. Kona ya mtoni ikapasuka, ikaanguka. Mama mdogo hakulia. Aliketi juu ya godoro la mtu akatazama kona tatu zilizobaki, akizisemesha kimyakimya, sikusikia alichoziambia. Zikakaa. Mpaka jua linatua zilikuwa bado zimekaa.

Hakufa mtu bondeni. Hakuna hata kuku, isipokuwa wale wa milimani wenye mlango wao.

Asubuhi ya pili nikaenda kwenye kikao na tope bado liko kwenye kucha. Nikafungua mlango nikashangaa: wakuu wote wawili wameketi upande mmoja wa meza. Wamesogezeana hata viti. Mwaka mzima nimewabebea karatasi za kununiana, kumbe dawa yao ilikuwa wapate mtu mmoja wa kumkasirikia.

Mkuu wa Juu alianza kwa kuniuliza kama mvua ilinyesha tambarare jana. Nikasema haikunyesha. Akaandika. Akaniuliza kama najua kipimamvua chetu kimesoma ngapi. Nikasema nadhani sifuri, labda na harufu kidogo kwa vile kiko jirani na choo. Mkuu wa Chini akakohoa. Mkuu wa Juu akaandika sifuri.

"Kwa hiyo ulitangaza hatari eneo ambalo kitaalamu halikuwa na mvua," akasema. "Hiyo ni taarifa ya uongo."

Nikamgeukia Mkuu wa Chini. Nikamwuliza mto ulifika kwenye nyekundu au haukufika. Akasema ulifika, jioni, na tangazo lake liko kwenye hatua za kuandaliwa. Ila kutangaza maji ya mto si kazi ya ofisi ya juu, kwa hiyo hapo pia nimevunja utaratibu. Mwenzake akaitikia kwa kichwa. Walikuwa wamepatana mpaka wanapokezana.

Nikawaambia yote. Sitayaandika hapa yote kwa sababu mengine hayaandikiki. Niliwaambia kwamba tofali linalowekwa kwenye nyumba zao linatoka kwa watu wale. Kwamba mtoto anayechukuliwa na maji hatajali ni maji ya ghorofa gani. Kwamba mimi nimefeli fizikia, lakini hata kwenye kile chumba nilichofelia hakuna aliyewahi kutuambia maji yanaulizia ofisi kabla ya kuteremka. Walinisikiliza kwa adabu. Hiyo ndiyo iliyonikata maini zaidi, ile adabu, wamekunja mikono kama wanangoja mvua ipite.

Nilipomaliza, Mkuu wa Juu akanisogezea karatasi. Walikuwa wameshaiandika. Ilikuwa ni sahihisho, nikae kwenye mashine nilitume kwa tambarare yote, ndipo suala langu lifikiriwe kwa huruma. Nikalisoma. Nikawaambia watume wenyewe. Nikaondoka, na mpaka natoka getini nilikuwa nimetulia kidogo, kwa sababu nilijua hakuna kati yao anayejua kuingia kwenye ile mashine. Nilisahau kwamba neno la siri nimelibandika pembeni ya kioo kwa karatasi ya njano.

Bondeni maji yalikuwa yameshuka, yamebaki madimbwi na tope la magotini. Tulikuwa tunachota tope miguuni mwa tanuri, mama mdogo anagonga tofali moja moja kwa kucha na kusikiliza, hili limeiva, hili bado, hili tutarudia. Yaliyosalia yalikuwa zaidi ya alivyotegemea. Alianza hata kunitania, kwamba nikifukuzwa kazi ana udongo mwingi wa kukanyaga na unahitaji mtu asiyechoka mdomo. Upande wa milima mawingu yalikuwa bado yamesimama, meusi, chini kabisa. Yale ya karatasi ya Jumatano, kuendelea hadi kesho. Kesho yenyewe ndiyo hiyo. Wale wa vibandani walikuwa bado juu ya tuta la barabara na magodoro yao, wakiyatazama.

Simu ya Jivu ikalia. Halafu ya mama mdogo. Halafu simu zote, bondeni na barabarani, moja baada ya nyingine, kama vyura.

"SAHIHISHO. Taarifa ya jana ya mafuriko kwa tambarare haikuwa sahihi. IPUUZWE. Hali ni kavu, jua, upepo mwanana."

Jivu alikuwa amesimama kwenye tope mpaka magotini. Alisoma, akatazama miguu yake, akasoma tena. Kwa mara ya kwanza uso ule ulikuwa na sababu ya kushangaa. Kuna waliocheka. Mimi nilikuwa mmojawapo, kile kicheko cha meno tu. Kisha nikaona kitu kilichonifuta meno yote: kule barabarani, mama mmoja wa vibandani alikuwa amesoma kama wengine, ameweka simu mfukoni, na ameanza kukunja godoro arudi nalo chini. Na kwa nini asirudi? Jana ofisi ilisema ondoka, akaondoka, akapona. Leo ofisi imesema kukavu. Yeye ndiye mtu anayefuata maelekezo, mtu yule ambaye matangazo yote yanamtafuta. Nyuma yake wa pili akajitwika masufuria.

Mama mdogo aliwaona wakati uleule. Alipiga kelele moja tu, ya majina yao ya utani, wakasimama. Akapanda tuta na tope lake, akawanyang'anya magodoro akayaweka chini, akawaonyesha milima kwa kidole. Yule wa kwanza akamwuliza, bila ubishi, kwa kutaka kujua tu, sasa wafuate lipi, maana zote mbili zimetoka namba ileile.

Mama mdogo akanigeukia mimi.

"Nikiwajibu hapa, inafika?"

"Haifiki, mama mdogo. Namba ile inasema tu, haisikii."

Akaisoma mara nyingine, midomo inatembea. Nilimwona akifika kwenye upepo mwanana. Akafunga simu. Akamwambia Jivu abaki na watu wawili barabarani na asimruhusu mtu kuteremka hata akitumiwa ujumbe na malaika. Kisha akaagiza trekta la kubebea matofali litiwe moto, na wote waliobaki wapande kwenye trela kama walivyo. Mtu mmoja akauliza kama wasinawe kwanza. Akasema hapana, atakayenawa ashuke.

Tukapanda. Mwenye tanuri la jirani akapanda pia, tope limemkaukia mpaka kwenye masikio. Tulipoingia barabara kuu watu wa tambarare walikuwa wametoka nje, wengine wanatoa maji ndani kwa ndoo, simu mkononi, wanaulizana. Wakatuuliza tunakwenda wapi.

"Tumeambiwa tupuuze," mama mdogo akawajibu kutoka juu ya trela. "Tunakwenda kupuuzia hukohuko ofisini kwao, mpaka watume ujumbe mwingine."

Mwanamke mmoja akaweka ndoo yake chini, akaninyooshea mkono nimvute. Kabla hatujafika njia panda trela lilikuwa limejaa, na wengine walikuwa wanatufuata kwa miguu.